Kutoka Likoni Hata Msambweni: Habari za Wauguzi

Nilivuka Likoni asubuhi na mapema, katika feri iliyojaa wachuuzi, wanafunzi na watu wa kazi. Karibu nami walisimama wasichana wawili waliovaa sare za uuguzi, kila mmoja ameshika daftari lake. Nilipowauliza waendako wakajibu, "Msambweni, chuoni." Nikafurahi, maana nami nilikuwa nikiifuata habari hiyo hiyo.

Njia ya kusini hupita Ngombeni, Waa na Tiwi, katikati ya minazi na mikorosho. Penye Kombani barabara nyingine hupanda kwenda Kwale mjini, juu ya vilima vya Shimba. Mbele ni Ukunda, na kushoto kwake Diani, yenye mahoteli ya wageni, mbega wa mitini, na Msikiti wa Kongo uliojengwa penye mlango wa mto Mwachema karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza. Halafu ni Gazi, alipokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Kadiri ya kilomita 50 kutoka Likoni ndipo ilipo Msambweni, na hospitali yake iliyo ya rufaa kwa Kaunti nzima ya Kwale. Hapo pia pana tawi la chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, ambapo vijana hujifunza uuguzi.

Msomaji asidhani kazi hii ilianza kama aionavyo leo. Katika siku za mwanzo za utawala wa Waingereza, kazi ya kuosha vidonda na kufunga vitambaa hospitalini ilifanywa hasa na wanaume walioitwa madresa. Wanawake walijifungulia nyumbani, mikononi mwa wakunga wa mtaa. Mwaka 1949 ilitungwa sheria ya wauguzi na wakunga, na kwa sheria hiyo likawekwa baraza la kusimamia mafunzo na kuandika majina ya waliofuzu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waafrika wakaanza kufundishwa uuguzi wa daraja la juu katika Hospitali ya King George VI huko Nairobi, ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Lakini sheria ni jambo moja, na ruhusa ya mzazi ni jambo jingine. Wazazi wengi waliona ni aibu binti yao kulala mbali na nyumbani na kuwagusa wagonjwa asiowajua. Hofu yao haikuwa ya kuchekwa. Kila mzazi huchunga heshima ya mwanawe. Hata hivyo, watu wa pwani walikuwa na mfano wa kale katika dini yao wenyewe. Rufaida al-Aslamiyya, mwanamke wa Madina katika zama za Mtume, asifiwa mpaka leo kwa kuwauguza majeruhi hemani mwake. Basi uuguzi haukuwa jambo geni lililoletwa na meli.

Walioruhusiwa walifika mbali. Eunice Muringo Kiereini alikuwa mkuu wa wauguzi wa Kenya, kisha tangu mwaka 1981 hata 1985 akawa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi. Ndiye Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho.

Mwaka 1987 mafunzo yenyewe yaligeuzwa. Muuguzi wa kusajiliwa akaanza kufunzwa uuguzi wa jumla, ukunga na afya ya jamii kwa pamoja, ili asingoje mgonjwa kitandani tu, bali amfuate kijijini kabla hajaugua. Katika nchi ya Kwale faida yake huonekana upesi. Kichocho hukaa katika maji ya madimbwi na vijito ambamo watoto huogelea. Malaria na matende huletwa na mbu. Maradhi ya namna hii hayashindwi na dawa peke yake. Yataka mtu wa kuingia uani, kuketi mkekani, na kusema na mama wa nyumba kwa lugha yake.

Katika kurudi nilishuka Gazi, nikaketi barazani kwa bibi mmoja Mdigo aliyekuwa mkunga tangu ujana wake. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Karibu kitako." Nilipomtajia wauguzi, alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Zamani nilimpeleka mke wa jirani hospitali usiku, uzazi umemkalia vibaya. Muuguzi akanifokea mbele ya watu kuwa mimi ndiye niliyemchelewesha. Nikatoka nje, nikaketi chini, nikanuia nisimpeleke mtu tena. Kumbe huko ndani alikuwa akiniita. Alfajiri akatoka muuguzi mwingine, akaniambia, 'Mama, ingia umshike mkono, anakutaka wewe.' Mtoto akazaliwa salama. Tangu hapo hakuna mja mzito niliyemzuia kwenda."

Hospitali ile sikuiuliza jina. Nilifikiri tu kwamba wale wauguzi wawili walikuwa na elimu moja, na kwamba neno la yule wa pili lilifungua njia kwa kijiji kizima.

Nasi raia tuna wajibu wetu kwao. Mwezi wa Juni 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake, na kina mama wakaja kwa wingi. Lakini aliyewapokea alikuwa muuguzi yule yule mwenye mikono miwili. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma tangu Juni hata mwanzo wa Novemba, na wananchi wakajionea kuwa hospitali isiyo na muuguzi ni nyumba ya vitanda tu.

Jioni nilipokuwa nikivuka tena Likoni niliwakumbuka wale wasichana wawili. Watafundishwa kupima damu na kuchoma sindano. Naomba wafundishwe pia kumwita bibi wa Gazi aingie ndani, kwa maana yeye aliwauguza wagonjwa wa kusini kabla hospitali haijajengwa.