Theluji Imekoma: Je, Shule Ifunguliwe?

Mimi nakaa Worcester, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Mzee mmoja wa kwetu Kibosho alinipigia simu majira ya baridi. Aliposikia ya kuwa shule za huku zimefungwa siku mbili kwa ajili ya theluji, akacheka sana. "Theluji!" akasema. "Sisi twaiona juu ya Kibo tangu tuzaliwe, wala mtoto wetu hajakosa shule kwa sababu yake." Nami nikacheka pamoja naye, maana ni kweli. Theluji ya Kibo hukaa kwake juu, haishuki kumfungia mtu mlango. Ya huku huja mpaka kizingitini. Tena kuanguka kwake si taabu kubwa, kwani siku hiyo kila mtu hukaa ndani akingoja. Taabu yenyewe ni siku ya pili na ya tatu, anga limetakata, jua linawaka, na watu wote wanaulizana: Je, shule ifunguliwe, au bado?

Kazi yangu ni kutunza nyumba ya shule. Nafagia, natengeneza kilichovunjika, naangalia boila, nafungua milango kabla walimu hawajafika. Basi jambo hili nalijua kwa mikono na kwa mgongo, nami napenda kuwaeleza, hasa ninyi mlio na wana au wajukuu huku ughaibuni, mpate kujua wanaamkia nini.

Kwanza mjue ni theluji kiasi gani. Tarehe 26 na 27 Januari 2015 ilianguka hapa Worcester inchi 34 na nusu, yaani karibu sentimita 88. Hakuna tufani moja iliyopata kupimwa hapa kabla ya hiyo ikaleta nyingi hivyo. Usiku ule Gavana Charlie Baker alikataza magari kutembea barabarani, isipokuwa yale ya dharura na ya kazi za lazima. Mtoto wa darasa la kwanza akisimama katika theluji ya kiasi kile yamfika kifuani. Tena upepo hauipangi sawasawa: hapa huacha majani wazi, pale hujenga ukuta wa kumzidi mtu mzima kimo.

Watu wakiona mlango wa mbele wa shule umesafishwa na chumvi imemwagwa ngazini, husema shule iko tayari. La, bado sana. Shule ina milango ya dharura pande zote, na milango hiyo hufunguka kwa nje. Theluji ya kufika magotini ikilala mbele ya mlango wa namna hiyo, huo si mlango tena, ni ukuta. Moto ukitokea jikoni, watoto mia kadhaa watapita wapi? Kwa hiyo mimi huanza nyuma. Nachukua beleshi, naifungua milango ile ambayo hapana mtu aipitaye siku za kawaida, kisha natengeneza njia kutoka kila mlango mpaka barabarani, maana haifai kuwatoa watoto katika moto ukawasimamisha katika shimo la theluji. Na lile bomba la zimamoto lililo kando ya barabara, hilo nalo hufukuliwa. Wakati mwingine hulitafuta kwa mti mrefu kama mtu anayetafuta kisima.

Halafu kuna matundu ya ukutani ambayo boila hutolea moshi wake. Theluji ikiyaziba, moshi hurudi ndani, na ndani yake mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo humlaza mtu usingizi asiamke. Msidhani nasema haya kwa kutisha. Mwezi wa Februari 2013, mjini Boston, mvulana mmoja alikuwa akimsaidia baba yake kufukua gari lao. Alipoona baridi akaingia garini apate joto, na injini inawaka. Bomba la moshi la gari lilikuwa limezibwa na theluji. Alifia mle, na baba yake yu hatua chache tu nje anachimba. Mungu ampe pumziko la milele. Tangu siku ile nilipoisikia habari hiyo, kila ninapomwona mtu anawasha gari kabla hajasafisha nyuma yake, namwendea, hata kama simjui.

Na paa nalo. Futi moja ya theluji nyepesi huweka uzito wa ratili 3 hivi juu ya kila futi ya mraba, lakini futi moja ya theluji yenye maji yapita ratili 20. Nyingi za shule za huku zina mapaa bapa, basi kilichoanguka hukaa. Majira yale ya mwaka 2015 theluji iliangukia juu ya theluji wiki baada ya wiki, na mapaa mengi ya Massachusetts yaliporomoka. Mwenye kutunza nyumba hana budi kuisikiliza. Mlango wa darasa uliokuwa ukifunguka kwa kidole sasa unakwama; ufa mpya umetokea juu ya dirisha; mbao zinalia. Akiona dalili hizo asingoje ruhusa ya mtu, awatoe watu kwanza.

Lakini hayo yote ni ya ndani ya uzio, nayo hufanywa, kwa kuwa wapo tunaolipwa kuyafanya. Nisiloridhika nalo ni la nje. Gari la kusukuma theluji likipita husafisha barabara ya magari, nayo theluji yote hutupwa kando, yaani juu ya njia ya waendao kwa miguu. Sheria ya mji humtaka mwenye nyumba asafishe njia iliyo mbele ya nyumba yake. Wengi hufanya. Lakini kiwanja kisicho na nyumba ni cha nani? Na bibi wa miaka 80 anayekaa peke yake? Na duka lililofilisika? Penye sehemu tatu kama hizo katika njia moja, mtoto hana pa kupita, hushuka barabarani akatembea pamoja na malori. Kwenye pembe za barabara ni vibaya zaidi, kwa sababu malundo ya pande mbili hukutana yakawa kama kichuguu kikubwa. Mwenye gari haoni mtoto mpaka amekwisha kutokeza mbele yake, na juu ya barafu gari halisimami kwa kukanyaga breki tu.

Wanaokaa mbali na shule huchukuliwa kwa basi. Wanaotembea ni wa karibu, na katika mtaa wetu wengi wao ni watoto wa wageni na wa watu wasio na gari. Wakubwa wenye kuamua huzunguka mji tangu saa tisa na saa kumi za usiku, wakitazama njia, ili wapate kutangaza mapema. Hiyo ni kazi ngumu, na hakuna atakayewashukuru, wafunge au wafungue. Ila huzitazama njia kutoka garini. Ningependa mmoja wao ashuke, atembee maili moja kwa miguu kufika shuleni, na macho yake yawe futi 3 na nusu tu juu ya ardhi. Ndipo aseme kama zimefunguka.

Mtu ataniambia, "Basi zifungwe mpaka theluji iyeyuke!" Hivyo navyo si sawa. Tangu mwaka 2023 sheria ya Massachusetts huwapa wanafunzi wote wa shule za serikali chakula cha asubuhi na cha mchana bila malipo. Wako watoto ambao hicho ndicho chakula chao cha kutegemea. Ikifungwa siku tatu, wewe mama unayesoma utaelewa bila mimi kusema zaidi. Tena wengi wa dada zetu wa Kenya, Tanzania na Kongo walioko huku hutunza wazee katika nyumba za wazee. Nyumba hizo hazifungwi kwa theluji, na malipo yao ni kwa saa. Shule ikifungwa, mama huyo aidha akose ujira wa siku, aidha awaache wadogo na kaka yao wa miaka 12. Na watoto walioachwa peke yao wakiona baridi huwasha oveni ya gesi na kuacha mlango wake wazi wapate kuota, jambo lililo la hatari kupita barabara yenyewe.

Wengine wanasema dawa ni kusomea nyumbani kwa kompyuta. New York walijaribu tarehe 13 Februari 2024, na asubuhi ile walimu na wanafunzi wengi walishindwa hata kuingia darasani humo mwa kompyuta. Na hata ikifaulu, kompyuta haipiki uji.

Mimi nasimama hapa. Kama milango yote imefunguliwa, na njia za miguu zinapitika mpaka pembeni, ni afadhali shule ianze saa mbili baada ya wakati wake, jua limekwisha toka na madereva wanaona, kuliko kufunga siku nzima. Kama njia za miguu hazijafunguka, madarasa yafungwe, lakini jiko lifunguliwe, na mzazi awezaye kufika achukue chakula cha watoto wake na cha jirani. Wapishi na mimi tutakuwapo, maana sisi hufika hata hivyo.

Liko jambo jingine, nalo latuhusu sisi wenyewe wenye kusema Kiswahili. Asubuhi moja ya siku iliyofungwa, nilikuwa nachimba nyuma ya shule, nikasikia kikohozi. Nikaenda mbele. Nikawakuta watoto wawili, kaka na dada, wamesimama mlangoni na mifuko yao ya vitabu mgongoni. Walikuwa wamekuja kutoka Kongo kwa njia ya kambi ya wakimbizi, hawajamaliza miezi mitatu hapa. Msichana alivaa viatu vya raba na soksi nyembamba. Nikawauliza, "Wanangu, hamkusikia kwamba hakuna shule leo?" Kaka akajibu kwa heshima, "Shikamoo, baba. Simu ililia usiku, mama akasikiliza, lakini ilisema Kiingereza." Nikawaingiza karibu na boila, nikaweka soksi zao juu ya bomba la joto, tukanywa chai yangu. Vidole vya msichana vilikuwa vyeupe, navyo vilirudi rangi polepole huku akilia bila sauti. Jueni kwamba upepo ukizidisha baridi hata ikawa kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi yaweza kuganda kwa nusu saa. Wale walikuwa wametembea na kungoja muda kama huo.

Tangu siku ile, sisi tunaosali pamoja kwa Kiswahili tumejigawia simu. Tangazo likitoka, mmoja hupigia watu wanne, na kila mmoja wao wanne wengine, kwa Kiswahili chepesi: "Leo hakuna shule," au "Leo shule yaanza saa nne na nusu." Hatuandiki tu, tunasema, kwa kuwa wako mama wasiosoma. Na vijana wa kwaya, baada ya tufani, hukutana na mabeleshi yao kwenye pembe tano zilizo karibu na shule. Mara ya kwanza walilalamika kidogo. Sasa hushindana.

Wenyeji wa nchi hii nao walifundishwa jambo hili kwa uchungu. Tarehe 12 Januari 1888, katika nchi za Dakota na Nebraska, asubuhi iliamka na joto kidogo, watoto wakaenda shule bila makoti mazito. Mchana tufani ikaja ghafula, baridi ikashuka vibaya, na watoto wengi wakapotea njiani wakirudi kwao. Hesabu ya waliokufa siku ile, wakubwa kwa wadogo, hutajwa kuwa 235. Tufani hiyo mpaka leo huitwa kwa jina la watoto wa shule. Walimu wengine waliwazuia watoto ndani usiku kucha, wakichoma meza na viti katika jiko, wakaokoka. Kwa hiyo, mzazi, ukiambiwa kwamba shule imewazuia watoto mpaka njia isafishwe, usije na hasira. Na mtoto akitoka kwenda shule siku ya jua baada ya theluji, mvalishe kana kwamba jua halipo. Mkataze pia kuchimba mapango katika malundo ya kando ya barabara. Watoto hupenda mchezo huo kupita yote, lakini lundo huanguka, na dereva wa gari la kusukuma theluji hajui kwamba ndani yake kuna mtu.

Siku zilizopotea hulipwa. Sheria ya jimbo huzitaka shule zifundishe siku 180 kwa mwaka, basi kila siku ya theluji hurudishwa mwezi wa Juni, wakati wa joto, na watoto wakiuangalia mpira kupitia dirishani. Mwaka 2015 wengi walisoma hadi karibu na mwisho wa Juni. Nao mji wa Boston, ulio mwendo wa saa moja kutoka hapa, ulikuwa umerundika theluji yake katika kiwanja kimoja mpaka ikawa kilima chenye takataka na baiskeli ndani yake. Watoto walifunga shule wakakiacha bado kipo. Kilimalizika kuyeyuka tarehe 14 Julai.