Kambi ya Gezaulole

Katika mtaa mmoja wa Temeke, upande wa kusini wa mji wa Dar es Salaam, alikuwako baba mmoja mwenye binti watatu. Mkubwa alikuwa na umri wa miaka 11, wa pili miaka 8, na mziwanda miaka 5. Baba huyo alifanya kazi ya kupakua shehena bandarini, naye siku zote alikuwa katika zamu ya usiku. Jioni, watu walipokuwa wakirudi makwao, ndipo yeye alipotoka. Na alfajiri, watu walipokuwa wakitoka, ndipo yeye aliporudi, akanywa chai, akalala hata alasiri. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa nyumba ya kunong'ona. Sufuria ziliwekwa chini polepole, mlango ulifungwa kwa mikono miwili, na mtoto akicheka ukumbini mama yake humwekea kidole mdomoni.

Siku moja baba akaamka mapema kuliko desturi yake kwa sababu ya joto, akasikia watoto wakicheza mchezo wa baba na mama nyuma ya nyumba. Akachungulia dirishani. Mkubwa alikuwa mama, wa pili alikuwa mtoto, na baba alikuwa ni gunzi la hindi lililofunikwa kipande cha kanga tangu kichwa hata miguu. Mziwanda akataka kuliinua lile gunzi ili lile chakula pamoja na wengine. Dada yake akamshika mkono, akamwambia, "Liache! Baba haamki. Ukimwamsha atagomba." Wakaendelea na mchezo wao, na gunzi likabaki pale pale chini ya kanga mpaka mchezo ukaisha.

Baba akarudi kitandani, lakini usingizi haukuja. Jioni ile akamwambia mkewe, "Mama watoto, likizo ya Juni ikifika nitaomba ruhusa ya siku mbili. Nataka kuwachukua watoto tukapige kambi pwani, shambani kwa shangazi."

Mkewe akamtazama. "Wewe peke yako, na watoto hawa watatu? Nani atawapikia?"

"Nitawapikia mimi."

Mama akacheka, kisha akaacha kucheka alipoona kwamba mumewe hacheki. Akasema kwa sauti ya upole, "Baba watoto, wanakuogopa. Huyu mdogo hajaketi magotini pako tangu alipoanza kusema."

Akajibu, "Ndiyo sababu nataka kwenda."

Jirani mmoja alipopata habari hiyo akasema kwamba kulala chini ya turubai ni mambo ya wavulana. Neno hili husemwa na watu wengi, nalo si kweli. Mwaka 1907 Mwingereza Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri katika nchi ya Kenya, aliwachukua wavulana wapatao 20, akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea, na kutokana na kambi ile kikazaliwa chama cha Skauti. Lakini mwaka 1909 Maskauti walipokusanyika London, wasichana nao wakaja pasipo kualikwa, wakataka waandikwe kama ndugu zao; na mwaka uliofuata wakapewa chama chao. Na hata tukiziacha habari za Ulaya, ni nani asiyejua kwamba katika pwani ya Waswahili wanawake ndio waendao mwambani maji yakipwa kuchokoa pweza, nao huijua miamba kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake? Jirani huyo alikuwa amewala pweza hao mara nyingi.

Basi siku ikafika. Baba akafunga mizigo: turubai kuukuu la lori, kamba, chandarua, panga, sufuria mbili, mchele, na maji ya kunywa katika madumu. Tangu mwaka 2016 liko daraja kubwa la kuvukia toka Kurasini mpaka Kigamboni, na kwa mtu wa Temeke njia ile ni ya karibu. Lakini yeye alitaka watoto wapande pantoni pale Magogoni. Akadhani watafurahi. Watoto wakaketi juu ya mizigo, mikono yao mapajani, kimya, kama watoto walio mbele ya mwalimu mkali. Winchi za bandari zilionekana kwa mbali, naye alitamani kuwaambia, "Pale ndipo nifanyapo kazi," lakini hakujua aanzeje. Chombo kikafika ng'ambo, naye hajasema neno.

Shamba la shangazi yake liko Gezaulole, kijiji kilicho pwani, karibu na mji wa kale wa Mbwamaji. Jina hilo ni la Kizaramo, na maana yake ni "jaribu uone." Kijiji kilipewa jina hilo katika siku za vijiji vya ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Walifika saa nane mchana, wakamwamkia bibi, kisha baba akaenda moja kwa moja mpaka ufuoni, akachagua mahali palipo laini na tambarare karibu na maji, akaanza kupigilia vigingi.

Wa pili akasimama nyuma ya turubai akitazama chini. Hapo mchangani palikuwa na mstari mrefu wa mwani mkavu, vijiti na makombe, uliofuata ufuo kama ukindu uliotupwa. Akamnong'oneza dada yake. Dada yake akamwambia, "Mwambie mwenyewe." Mtoto akameza mate, akasema, "Baba, takataka hizi nani amezileta huku juu?"

Baba akajibu, "Ni za zamani hizo," akaendelea kupiga kigingi.

Hakukumbuka kwamba mwezi ulikuwa umekwisha. Siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana, nayo huitwa bamvua. Katika pwani ile, siku za bamvua, maji hujaa kabisa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri, tena hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Na ule mstari wa mwani ndio alama ambayo bahari huiandika yenyewe, kusema: Mimi hufika hapa. Hata ilipokaribia saa kumi wimbi moja likaja polepole, likapita chini ya turubai, likachukua kiatu kimoja cha baba na kifuniko cha sufuria.

Watoto wakaganda, wakingoja ukali. Baba akasimama, maji yakimfika vifundoni, akamtazama yule wa pili. Akamwambia, "Ulisema kweli, mwanangu. Wewe uliisoma bahari, mimi sikuisoma. Haya, tuonyeshe wewe mahali pa kulala." Ndipo mziwanda alipokimbilia kile kiatu kilichokuwa kikielea, akakikamata, akapiga kelele za furaha, na hakuna mtu aliyemwekea kidole mdomoni.

Wa pili akawapeleka juu ya mstari wa mwani, chini ya minazi. Bibi yao akawakataza kutoka mbali. "Hapo sipo! Mtu halali chini ya mnazi wenye nazi. Ikianguka haiulizi kichwa ni cha nani." Mwisho wakapata mahali penye mivinje, wakafunga kamba toka mti hata mti, wakatandaza turubai juu yake, wakatundika chandarua ndani. Mkubwa alijua kufunga fundo lisilolegea, kwa maana ndiye aliyefunga kamba za kuanikia nguo nyumbani. Baba yake hakujua habari hiyo.

Kisha wakachimba shimo dogo mchangani, wakaweka mafiga matatu na ndoo ya maji kando, wakawasha moto. Baba akaketi juu ya mbuzi kukuna nazi. Bibi alipomwona aliziba mdomo kwa upindo wa kanga. Kazi ile yahitaji mkono mwepesi, naye alikuna kwa nguvu za mtu ainuaye magunia, hata vipande vya kifuu vikaingia katika machicha. Watoto wakaulizana kwa macho kama ni halali kucheka. Wali uliungua chini na kubaki mbichi juu, wakaula wote.

Kabla ya giza kuingia baba akawafundisha mchezo aliocheza utotoni mwake, uitwao na watoto wa mahali pale kusoma mchanga. Alikata kuti, akafagia mchanga kuizunguka kambi yote mpaka ukawa laini kama ukurasa usioandikwa. "Sasa," akasema, "usiku kila kiumbe apitaye hapa ataandika jina lake. Asubuhi mtanisomea." Mchezo huu waweza kuchezwa popote penye mchanga au vumbi, hata uani Temeke, wala hauna gharama.

Usiku ukaja, na nyota zikatoka nyingi kuliko zile zionekanazo mjini, kwa maana taa za mji huzificha. Upande wa kusini waliona nyota nne zilizo kama msalaba. Baba akawaonyesha kwamba mtu akiupima kwa vidole mti mrefu wa msalaba huo, tangu kichwa hata mguu, akauendeleza mara nne na nusu upande wa mguuni, kisha akashuka moja kwa moja mpaka upeo wa macho, hapo ndipo kusini penyewe. Mkubwa akapima mara tatu, akiwa amefumba jicho moja. Upande wa mashariki palikuwa na Nge, mwenye nyota nyekundu kifuani.

Wakaingia katika vitendawili. Mkubwa akatega, baba akategua. Baba akatega, wakashindwa, wakampa Bagamoyo. Zamu ya wa pili ikafika. Akasema, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Ninaye mtu wangu: mchana maiti, usiku msafiri."

Baba akafikiri. Akasema popo, akaambiwa siye. Akasema bundi, siye. Mkubwa akamfinya mdogo wake pajani, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Baba akasema, "Nimeshindwa. Nakupa mji, nakupa Kilwa yote."

Mtoto akautwaa mji wake, akajibu kwa sauti ndogo, "Ni Baba."

Moto ukaalika. Mawimbi yalikuwa mbali sana, kwa kuwa maji yalikuwa yakipwa. Baba akakaa kimya kitambo, akichokora makaa kwa kijiti, kisha akasema, "Umekitunga wewe mwenyewe?" Akaitikia kwa kichwa. "Ni kizuri. Hakuna aliyepata kunishinda kwa haki kama leo." Sauti yake haikuwa na hasira, lakini haikuwa imara. Wakasali, watoto wakaingia chini ya chandarua.

Yeye hakulala. Mwili uliozoea zamu ya usiku hauambiwi kulala ukatii. Tena baada ya kosa la mchana hakuyaamini macho yake, akataka kuyaangalia maji yanaporudi. Akatembea kuizunguka kambi, akashuka mpaka kwenye mstari wa mwani, akapanda tena. Yapata saa tisa usiku akasikia sauti ndani ya turubai: "Nani anapumua?"

"Ni mivinje, mwanangu. Majani yake ni membamba kama sindano, na upepo wa kusi ukipita hulia hivyo."

Mziwanda akatoa kichwa nje. Akamtazama baba yake kana kwamba ameona jambo geni. "Baba, kumbe uko macho?"

"Usiku mimi huwa macho siku zote."

"Unafanya nini?"

Basi akamshika mkono, wakashuka pamoja ufuoni, akamwonyesha taa baharini. Akamweleza kwamba meli iliyotia nanga huwasha taa nyeupe, bali meli iendayo huwa pia na taa nyekundu ubavuni mwake wa kushoto na ya kijani ubavuni mwake wa kulia, ili mabaharia wengine wajue inaelekea wapi. "Ukiona nyekundu peke yake, inapita kuelekea mkono wako wa kushoto. Ukiziona zote mbili pamoja, inakuja juu yako."

Mtoto akatafuta kwa kidole. "Ile ni nyekundu."

"Basi inakwenda bandarini. Ndani yake labda mna ngano, labda magari. Na usiku mmoja, ninyi mmelala, mimi na wenzangu tutaipakua."

Mtoto akaifuata taa ile kwa macho muda mrefu. Mwisho akauliza, "Nanyi pia hunong'ona huko?"

Baba akajibu, "La. Huko twapiga kelele sana."

Kulipopambazuka dada zake walitoka kusoma mchanga. Walisoma nyayo za kaa, nyembamba kama mishono ya cherehani. Walisoma paka wa bibi, aliyekuja kwenye sufuria akakata tamaa. Walisoma na ndege mmoja. Lakini juu ya hao wote palikuwa na nyayo kubwa za miguu mitupu, zilizoizunguka kambi mara nyingi hata zikafanya njia. Mkubwa akainama. Akasema, "Baba hakulala."

Wa pili akafuata njia ielekeayo baharini. "Tazama, hapa pana nyayo za mtoto kando ya zake. Zinakwenda, lakini hazirudi. Zake tu ndizo zinarudi, nazo zimezama zaidi."

Mziwanda akasema, "Alinibeba."

Baba alikuwa amelala fofofo chini ya mvinje, mkono wake umefunika macho. Hata ilipokaribia saa tatu bibi yao akaja na kijiti chake cha kuchokolea pweza na kikapu, akawaambia kwamba maji yanakimbia, mwamba waanza kuonekana, wavae viatu kwa sababu ya miiba, na jiwe watakalolipindua walirudishe kama lilivyokuwa. Mkubwa akaweka kidole mdomoni kama alivyozoea. Akanong'ona, "Twende, tumwache."

Lakini mziwanda alikuwa amekwisha kupiga magoti mchangani. Akauinua ule mkono uliofunika macho, akasema kwa sauti yake yote, "Baba, amka! Maji yanapwa!"

Akaamka. Akauliza viatu vyake viko wapi.