Malazi ya Siku Tatu Dar es Salaam

Kila mwaka ifikapo Oktoba au Novemba, wazazi wengi wa bara na wa pwani hushika njia ya Dar es Salaam kuwafikisha watoto wao Chuo Kikuu. Habari za ada na za kujiandikisha hutangazwa na chuo chenyewe, wala hatuna haja ya kuzirudia. Lakini wapi mzazi atalaza ubavu wake siku zile mbili tatu, hilo halimo katika karatasi yoyote. Sisi swali hilo tumelijibu vibaya mara moja, na mara ya pili, alhamdulillahi, si vibaya sana.

Mara ya kwanza tulimsindikiza binti wa marehemu ndugu yetu. Tulikwenda naye peke yetu kutoka Tanga ili kupunguza nauli, na katika kuchagua nyumba ya wageni tulitazama ukaribu tu. Tukaipata moja Sinza, kwani kutoka huko hata Mlimani, kilipo chuo, si mwendo mrefu. Tulifika baada ya Magharibi tukakuta chini pana baa, na ngoma za santuri zinatikisa madirisha. Hayo tungaliyavumilia. Karani alimtazama binti, akazitazama mvi za ndevu zetu, kisha akauliza kama twataka chumba kwa saa chache au mpaka asubuhi. Tulimjibu kwamba twataka vyumba viwili, na kwamba huyu ni mtoto wetu. Akatabasamu, akatusogezea daftari la wageni, lile linalouliza jina, kabila, utokako na uendako.

Binti alikuwa amesikia. Hakula usiku ule, nasi hatukupata neno la kumwambia, maana neno lolote lingalilikuza jambo lenyewe. Hatusemi kwamba Sinza yote ndivyo ilivyo. Wamejaa waungwana huko, na misikiti ipo. Twasema kwamba mzazi asichague nyumba kwa kupima umbali peke yake.

Ilipofika zamu ya binti yetu wenyewe, mama yake alisema atakwenda, na nauli yake ikatoka katika fedha za kuezekea jiko. Kabla ya safari tulimpigia simu ndugu mmoja mwenye duka Kariakoo, naye akaenda kuitazama nyumba tuliyokusudia. Tulimwomba aende usiku. Mchana nyumba zote za wageni zina heshima.

Kutoka Tanga ni kama kilomita 350, na basi humshusha abiria Mbezi, katika stendi iliyochukua mahali pa ile ya Ubungo mwaka 2021. Mbezi iko mbali upande wa magharibi, hata mwenye kwenda Kariakoo hulazimika kukipita chuo kwa mbali, kisha kesho akirudie. Wako watakaoona huo ni upumbavu. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, hufuata barabara ya Morogoro kutoka Kimara mpaka Gerezani, pembeni mwa Kariakoo. Lakini mtu mwenye mabegi mawili, ndoo na beseni haingii humo jioni bila kuwaumiza wenziwe. Tulikodi gari, na foleni ikatula saa nzima na zaidi.

Walakini tulipofika tulipokewa na mzee mwenye kofia aliyekaa mlangoni, akamwamkia mama watoto kwanza. Tuliomba kuviona vyumba kabla ya kulipa, na twawausia wenzetu wasione haya kufanya hivyo: komeo la ndani lifunge, bomba litoe maji, dirisha lisitazamane na ukumbi wa ulevi. Kibla cha Dar es Salaam ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa, basi ni vyema kuona kama pana nafasi ya mswala upande huo. Chakula hakikututia shaka. Adhana tuliisikia kitandani, na kwenda kwa miguu Msikiti wa Mtoro au wa Manyema si taabu. Chandarua, mashuka na kandambili vilipatikana mtaa wa pili, na mama yake akapatana bei mpaka tukamwonea huruma mwuzaji.

Kwa miguu pia tulifika mtaa wa Lumumba. Watu wengi hudhani chuo kile kilizaliwa Mlimani, sivyo. Kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaani hapo, na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini, ndipo kikahamia mlimani mwaka 1964. Miongoni mwa wale wa kwanza alikuwamo mwanamke mmoja, Bi Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Binti alisimama akalitazama jengo kwa muda mrefu kuliko tulivyotazamia.

Jumamosi tulikwenda Mlimani, kilomita kumi na tatu hivi kutoka mjini. Katika bweni la wasichana baba hukomea nje. Sisi tulikaa chini ya mwembe, mama yake akaingia, akafagia, akafunga chandarua, akajuana na mwenzake wa chumbani. Tulipokuwa pale nje tulifikiri juu ya yule binti wa ndugu yetu, aliyeingia peke yake na ndoo yake.

Usiku ule wa mwisho tulisali Isha sote watatu chumbani. Sisi na mama yake tulikuwa wasafiri, tukinuia kuondoka Jumapili. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, mwenye kukaa chini ya siku nne, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, yu ruhusa kupunguza sala. Binti yetu alikuwa amekuja kukaa. Hukumu yake ilikuwa nyingine tangu alipofika, na aliijua bila ya kuambiwa. Tulisimama mbele, wao nyuma yetu karibu na mlango. Baada ya rakaa mbili tulitoa salamu, na mama yake akatoa. Binti akainuka peke yake kukamilisha mbili zilizobaki, nasi tukakaa tukimngoja.