Joto la Januari Hutafutwa Julai



 Huku Marekani, majira ya baridi yakishafika, hazipiti wiki nyingi bila kusikia kwamba katika chuo fulani joto limekatika, wanafunzi wamehamishwa mabweni usiku na masomo yameahirishwa. Taarifa ya uongozi haichelewi kuitupia baridi lawama. Mimi naona baridi inasingiziwa. Joto likikatika Januari, mara nyingi chanzo ni kazi iliyoahirishwa Julai, jua likiwaka na hakuna mwenye hamu ya kusikia habari za mabomba.

Vyuo vingi vikongwe vya huku havipashi joto kila jengo peke yake. Kuna mtambo mmoja wenye boila kubwa za kuchemsha maji, na mvuke wake husafiri ndani ya mabomba yaliyofukiwa ardhini hadi madarasani, maabara na mabwenini. Ukifika kwenye rejeta za ukutani huacha joto lake, hugeuka maji, na maji hayo hurudishwa mtamboni kuchemshwa upya. Mpango huu ulianza kuuzwa kibiashara mjini Lockport, New York, mwaka 1877, na ni mpango mzuri. Ila mabomba yake huzeeka kimyakimya, isipokuwa kwa anayejua kutazama. Theluji ikifunika uwanja mzima, halafu ukaona mstari wa majani mabichi umekatiza katikati, ujue chini yake kuna bomba linalopoteza joto. Mpita njia ataupiga picha. Fundi anaona hapo kazi iliyomsubiri tangu kiangazi.

Bomba hilo likipasuka usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri, ukarabati hauendi kwa haraka wanayoitaka wenye baridi. Mafundi hufunga vali, huchimba ardhi iliyoganda, huunga bomba, kisha huruhusu mvuke kidogo kidogo. Wanafunzi husema fundi anazembea, lakini mvuke ukiingia kwa kishindo kwenye bomba baridi hugeuka maji, na maji hayo hurushwa mbele kwa nguvu ya nyundo. Mgongano wa namna hiyo, wa mvuke na maji, ndio uliolipua bomba la mwaka 1924 katikati ya jiji la New York mnamo Julai 2007 na kusababisha kifo. Kule mabwenini nako, maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua mabomba yake, lakini ufa hauonekani mpaka joto lirudi na barafu iyeyuke. Ndipo dari inapoanza kumwaga maji. Wanaokimbilia hita za umeme hawapati nafuu kubwa: kila hita hula wati 1,500, na saketi ya kawaida ya huku hubeba wati 1,800. Vyumba viwili vikiwa kwenye saketi moja, hita ya pili ikiwashwa tu, umeme unajikata.

Watakuwapo wa kusema kwamba baridi kali ni kudra ya Mungu, hakuna bajeti ya kushindana nayo. Ushahidi wa Texas unakataa. Februari 2011 baridi ilizima mitambo mingi ya umeme ya jimbo hilo, na Agosti mwaka huohuo ikatoka ripoti ya serikali kuu ikishauri mitambo ikingwe. Wengi wakaupuuza ushauri. Mdharau mwiba mguu huota tende: Februari 2021 mitambo ilizimika tena, mamilioni ya nyumba zikakosa umeme, na jimbo likahesabu vifo 246. Walikuwamo waliovuta hewa ya sumu baada ya kuwasha mkaa ndani au kuacha gari likiunguruma gereji, balaa ambalo sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa tunalifahamu. Wengine watasema ajali haina kinga. Ni kweli, lakini maandalizi ndiyo yanayoamua ajali ifike wapi. Tarehe 30 Januari 2019, siku ambayo Chicago ilishuka hadi takriban nyuzi 31 chini ya sifuri, moto ulizuka kwenye kituo cha kusukuma gesi huko Michigan. Usiku huo wananchi walitumiwa ujumbe wa simu washushe joto hadi nyuzi 18, viwanda vya magari vikasimamisha kazi, na gesi ya majumbani ikatosha.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Kufukua mabomba ya chuo kizima ni gharama, na bomba jipya halikatiwi utepe na mgeni rasmi. Hata hivyo inawezekana: Chuo Kikuu cha Ball State, cha umma, huko Indiana, kilikuwa na boila chakavu za makaa. Mwaka 2009 kilianza kuchimba maelfu ya visima vya kuvuna joto la ardhini, na 2014 kikazizima boila hizo. Mwingine atauliza: je, si afadhali kila jengo liwe na boila yake? Chuo kizima kisingezimika kwa mpigo, lakini boila arobaini zinataka uangalizi mara arobaini, na aliyeshindwa kutunza mtambo mmoja hataiweza kazi hiyo.

Wanaoumia kwanza ni wanaobaki mabwenini likizo ya Krismasi wenzao wakirudi makwao, na kati yao wamo watoto wetu kutoka Tanzania, Kenya na Congo. Majengo yakiwa karibu matupu, joto hushushwa ili kubana matumizi, na bomba la pembeni huganda bila mtu kujua. Kwa hiyo, mzazi unayemnunulia mwanao koti zito, kiulize chuo maswali mawili: mabomba yalikaguliwa lini, na joto likikatika wakati wa likizo, wanaobaki watalala wapi? Nawe uliye kwenye baraza la chuo huko nyumbani, ambako hakuna theluji, uliza hayohayo kuhusu pampu ya maji na jenereta, na uyaulize kabla muhula haujaanza.