Helikopta isipofika, kosa si la rubani kila mara

Mwaka 2024, katika kambi ya wahami wa vita ya Bulengo, karibu na mji wa Goma, kulikuwa na mama mmoja aliyekimbia Masisi. Kila aliposikia mlio wa helikopta aliinua macho. Dada yake alibaki kule na mtoto mwenye utapiamlo, na tangu mwezi wa pili mapigano ya Sake yalikuwa yamekata barabara. Dawa zilizozoea kupita kwa gari zilibaki kutegemea anga.

Siku moja helikopta iliyotarajiwa haikwenda. Kambini maneno yakaanza: rubani ni mwoga, mashirika yamekula pesa, wagonjwa wa Masisi wamesahauliwa. Mama naye alikasirika. Ndipo kijana wake alipomwonyesha ramani kwenye simu.

“Mama, simu hii inajua tulipo kwa sababu inasikiliza satelaiti. Ndege pia inazisikiliza zile zile. Mtu akizivuruga, rubani hajui tena kama anachoonyeshwa ni kweli.”

Kijana hakukosea. Satelaiti hizo za GPS ziko juu, kilomita 20,000 hivi, na sauti yake ikifika chini ni dhaifu sana. Mwenye mtambo wa redio akipiga kelele kwenye masafa yale yale, ndege haisikii kitu. Njia ya pili ni mbaya zaidi: mtambo unatuma ishara za uongo, na ndege inaamini iko mahali ambapo haipo.

Ndege haianguki kwa sababu hiyo tu. Rubani ana dira, ana vifaa vingine, ana macho yake. Lakini Kivu ni nchi ya milima na mawingu. Nyiragongo peke yake ina mita 3,470, tena haiko mbali na kiwanja cha ndege cha Goma. Kifaa kinachomwonya rubani kwamba mlima uko mbele kinategemea GPS. Kikidanganywa, kinaweza kupiga kelele pasipo na mlima, au kunyamaza pale ulipo. Rubani mwenye akili anarudi. Anayebaki kungoja ni mgonjwa.

Mwaka huo huo, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika juu ya uvurugaji huo katika Kivu ya Kaskazini, wakiutaja upande wa jeshi la Rwanda na waasi wa M23. Marekani nayo iliitaka Rwanda iache. Vitani, mitambo kama hiyo hutumiwa kuzuia droni. Lakini mtambo hauchagui: unaozuia droni ya vita unazuia pia ndege ya dawa. Mwezi wa tatu 2025, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mawasiliano, ya usafiri wa anga na ya usafiri wa bahari yaliziomba nchi zote zilinde ishara hizo.

Siku ya tatu helikopta ilipita juu ya Bulengo. Jioni dada akapiga simu: dawa zimefika, mtoto ameanza kupewa. Mama aliwaambia majirani aliyofundishwa na mwanawe, na kwamba yeye pia alikuwa amemtukana rubani bure. Tangu hapo, ndege ikikawia, anauliza kwanza: “Njia ya angani iko wazi?”