Siku Magari ya Eastlands Yalipobeba Unga

Saa moja asubuhi ya Jumapili, vibanda vingi vya Kariobangi Light Industries vilikuwa bado vimefungwa, ila gereji niliyokuwa nikiielekea ilifunguliwa tangu alfajiri. Peugeot 504 nyeupe, ile ya nyuma ndefu, ilikuwa imeegeshwa mlangoni, na vijana wawili waliipaka nta kwa vitambaa safi. Mzee aliyewafundisha kazi aliketi kwenye kigoda kando yao, macho yake hayabanduki kwenye mlango wa dereva.

“Umeamkaje, Mzee?”

“Nimeamka salama, mwanangu. Hebu pitisha mkono hapa chini ya mlango uniambie bati jipya limeanzia wapi.”

Nilipitisha vidole pole pole kutoka bawaba hadi kitasa. Sikuona kiungo wala kuhisi tuta. Mzee akatabasamu, kisha akanieleza. Kutu ya mlango haianzii nje tunakoiona. Maji ya mvua huteremka kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango, na yanatakiwa kutokea kwenye vitundu vidogo vya chini. Vitundu vikizibwa na matope, maji hutuama na kula bati kimya kimya. Dawa yake ni kukata sehemu yote iliyooza, si kuifunika. Unakata bati zima kutoka kwenye boneti ya gari lililokufa, unalipinda kwa nyundo mpaka lifuate umbo la mlango, unalichomelea kidogo kidogo lisije likajikunja kwa joto, halafu ndipo puti, msasa, rangi ya chini na rangi ya juu. Anayeruka hatua ya kwanza, kazi yake hupendeza miezi mitatu, kisha rangi huanza kufura.

Nilikuwa nimekuja kuungana na msafara. Chama kimoja cha wenye magari, watu wa Umoja, Buruburu, Donholm na Kayole, huandaa maonyesho ya magari mara moja kwa mwaka, na mapato yote huenda kwa kituo cha watoto kilicho papo hapo Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Ada ya kushiriki si pesa peke yake. Kila gari lazima lije limebeba chakula. Ndani ya Peugeot ile viti vya nyuma vilikuwa vimekunjwa, na karibu nafasi yote imejaa pakiti za unga wa mahindi za kilo mbili mbili, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni na sodo. Mwenye gari, mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu, alinifungulia mlango wa mbele. Mzee fundi akaingia nyuma na kujibana kando ya magunia ya mchele, na tukaondoka.

Mwalimu huliendesha gari lile kwa heshima, na ana sababu. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 ya milango miwili. Zile za nyuma ndefu zilibeba abiria kati ya Nairobi na miji ya Bonde la Ufa na magharibi, na wengi wetu tuliosafiri kwenda kwa nyanya wakati wa likizo tunakumbuka tulivyobanana ndani yake. Hili la Mwalimu lilikuwa mojawapo. Lilipochoka, likatupwa nyuma ya nyumba, na kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Alilinunua kwa bei ya chuma chakavu.

Tulipoingia Outer Ring Road, wengine walikuwa wakitusubiri wamewasha taa za tahadhari. Kulikuwa na Datsun 1200 ya kijani iliyoendeshwa na mweka hazina wa chama, mama aliyeirithi kwa babake, na Volkswagen ya mgongo wa kobe. Subaru Impreza zilikuwa nyingi, zikinguruma kwa ile sauti yao nzito inayotambulika hata kabla hujaziona. Magari ya kazi nayo yalikuwepo: Probox za kupeleka mayai na mikate, na pikapu la kuuzia maji. Karibu na Mutindwa, nganya moja ya Umoja, yaani matatu iliyopambwa, ikajiunga mwisho wa msafara, imejaa vijana wa kujitolea, muziki ukipigwa kwa kiasi kwa sababu makanisa yalikuwa yameanza ibada.

Ubavu wa nganya hiyo ulichorwa nyuso za wanamuziki na wachezaji mpira kwa ustadi ambao sijauona kwenye majumba mengi ya sanaa. Kazi hiyo ilipitia majaribu. Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, waziri wa uchukuzi akiwa John Michuki, zilileta mstari wa njano, mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Zilihitajika, maana watu walikuwa wakifa barabarani. Lakini michoro nayo ilifutwa, na wachoraji wengi wakakosa mkate wao, hadi mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba vijana waachwe wapambe matatu zao. Mkono uliochora nganya ile ulifunzwa katika gereji hizi hizi tulizotoka.

Pale Donholm tulipinda tukaingia Jogoo Road kuelekea mjini, na Mwalimu akaanza kunisomesha mitaa. Barabara hii zamani iliitwa Doonholm Road, na mitaa iliyopangana kando yake, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Maringo, Mbotela, Jericho, ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika katika miongo ya mwisho ya ukoloni na mwanzo wa uhuru. Waliochora ramani walifikiria kitanda, jiko na bomba la maji la pamoja. Gari halikuwemo katika hesabu. Mfanyakazi wa reli alitarajiwa kwenda kazini kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu tano kuanzia 1973, ndiyo iliyokuja na wazo jingine: nyumba za watu wa kipato cha kati, zenye mahali pa kuegesha. Ukizunguka Eastlands kwa gari moja asubuhi moja, unasoma historia ya nani alitegemewa kumiliki nini, na lini.

“Lakini magari yalikuwa yetu hata wakati hatukuwa nayo,” Mzee akasema kutoka nyuma. “Nani alikuwa akiyatengeneza?”

Swali hilo lilikaa nami hadi tulipopita Makongeni, mtaa wa watu wa reli. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, na karakana za Shirika la Reli zikawa miongoni mwa zilizounda vipuri vyake. Mwaka 1990 magari ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer yalizinduliwa kule Kasarani. Hayakufika kwenye kiwanda cha kuyatoa kwa wingi, na wengi huutaja mradi ule kama kisa cha kushindwa. Mimi naukumbuka kama ushahidi. Mafundi wa nchi hii walipewa karatasi tupu, wakatoa magari yaliyowaka na kutembea. Kilichokosekana hakikuwa mikono.

Tuligeuza pale mbele na kurudi upande wa Makadara, hadi uwanja wa shule ambao chama kiliuomba kwa siku ile. Magari yalipangwa kwa safu, buti zikafunguliwa, na vijana wa kujitolea wakaanza kupitisha unga kutoka mkono hadi mkono mpaka kwenye darasa lililogeuzwa ghala. Kazi ile ilichukua muda mrefu kuliko kupanga magari yenyewe. Ni baada ya ghala kufungwa ndipo maonyesho yalipofunguliwa.

Mbele ya kila gari palikuwa na ndoo ya plastiki na kadi iliyoandikwa kwa mkono. Anayelipenda gari hutumbukiza sarafu ndani ya ndoo yake, au hutuma pesa kwa M-Pesa akitaja namba ya gari. Gari lenye ndoo nzito kuliko zote ndilo mshindi. Hakuna jaji mwingine. Watoto walikimbia na shilingi tano tano za wazazi wao, wakisimama kwa muda mrefu mbele ya Subaru, wakibadilisha mawazo, wakirudi kwenye Volkswagen. Kura yao ilikuwa na uzito sawa na ya mtu mzima, na pesa zote zilikuwa zinaelekea jikoni kwa watoto wenzao.

Nilizisoma kadi moja moja. Nilitarajia aina ya gari, mwaka wake na mwenye gari. Vyote vilikuwepo. Lakini chini yake paliandikwa majina mengine: fundi wa injini, fundi wa bodi, fundi wa nyaya, mshonaji wa viti. Na wenyewe walisimama pale, wamevaa nguo za kanisani, wakijibu maswali. Mshonaji wa viti alikuwa mwanamke kijana aliyejifunzia cherehani katika kushona sare za shule. Fundi wa injini ya Datsun aliwaeleza wanafunzi wa sekondari kwa nini gari la kabureta lililorekebishwa Mombasa husumbua likifika Nairobi. Huku juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Kabureta inaendelea kumwaga petroli ile ile ya pwani, hewa ya kuichoma haitoshi, moshi unatoka mweusi na plagi zinashika masizi. Mmoja wa wanafunzi akauliza magari ya kisasa hufanyaje. Fundi akafungua boneti ya Impreza iliyokuwa jirani, akaonyesha kifaa kinachopima hewa inayoingia na kuiambia kompyuta ipunguze petroli. Lile lilikuwa somo la fizikia, na hakuna aliyelipia karo.

Nairobi ina maonyesho ya magari yenye jina kubwa zaidi. Africa Concours d’Elegance, iliyoanzishwa mwaka 1970 na chama cha wamiliki wa Alfa Romeo, hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na magari yake hung’aa kiasi cha kujiona usoni. Kuchangisha kwa magari nako si jambo jipya hapa. Tangu 1989 mashindano ya Rhino Charge yamekusanya pesa kwa ajili ya shirika la uhifadhi la Rhino Ark, na matunda yake ya kwanza ni uzio wa karibu kilomita 400 unaozunguka milima ya Aberdare, uliokamilika mwaka 2009. Nayaheshimu yote mawili. Ila kile nilichokiona Makadara kina fundisho lake, nalo liko kwenye zile kadi.

Gari la Eastlands halina mwenyewe mmoja. Mwalimu ndiye mwenye kitabu cha usajili, lakini bati la mlango limetoka kwenye gari la marehemu fulani, vipuri vilitafutwa Kirinyaga Road duka kwa duka, rangi ilipulizwa na kijana ambaye bado anajifunza, na jirani alivumilia kelele za nyundo Jumamosi nyingi. Tumezoea kumsifu dereva na kumsahau aliye chini ya gari. Hata Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mara tatu, alianza maisha ya kazi akiwa fundi, na ushindi wake wa kwanza, ule wa 1965, aliupata kwa Volvo PV544 iliyokwisha kukimbizwa na mwingine mwaka uliotangulia. Alilijua gari lile hadi kwenye misumari kwa sababu mikono yake ilipita kila mahali. Basi kama kitu chenyewe kimeundwa na wengi, ni haki tunda lake liwarudie wengi. Kwa maoni yangu huku si kutoa sadaka kutoka juu kwenda chini. Ni mtaa kujilipa wenyewe.

Mlezi wa kituo cha watoto alizungumza alasiri, kwa ufupi. Hakuomba. Alisoma hesabu: unga hukaa wiki ngapi, deni la maji ni la miezi mingapi, watoto wangapi watahitaji sare Januari. Kisha akasema jambo ambalo chama hakikuwa kimelitarajia.

“Nina wavulana na wasichana wanaomaliza shule mwaka huu na hawana pa kwenda. Mnaweza kuwachukua kwenye gereji zenu?”

Watu walitazamana. Mweka hazina aliushika mkono wa mlezi, na Mzee fundi akasimama bila kungoja kuitwa.

“Mimi nachukua wawili,” alisema. “Lakini waje na ovaroli, na waje asubuhi. Na msichana akitaka kazi ya bodi, asije mtu akaniambia haiwezi.”

Mwenye nganya akasema atamchukua mmoja kwa mchoraji wake. Mshonaji wa viti akasema ana cherehani ya pili iliyokaa bure. Mwalimu alitoa kalamu akaanza kuandika majina nyuma ya kadi ya Peugeot yake, kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine. Ndoo zilipohesabiwa, Volkswagen ilitangazwa mshindi na watu wakashangilia, lakini mazungumzo tuliyorudi nayo mitaani yalikuwa ya ile orodha.

Ukiishi Nairobi na una gari lolote, hata Vitz ya kwenda sokoni, tafuta maonyesho ya aina hii mtaani kwako. Kama hayapo, yaanzisheni: mnachohitaji ni uwanja, ndoo, kadi na watu wanaoaminiana kwa pesa. Jaza buti kabla ya kuosha boneti. Na siku ile uje na fundi wako, jina lake liandikwe kwenye kadi kwa herufi kubwa kama za lako, ili kijana asiye na pa kwenda ajue mlango wa kubisha.