Kijiti cha Avoka



Mwishoni mwa mwaka 2019, mdogo wetu aliwasili Butembo pamoja na wanawe, akikimbia mauaji ya upande wa Beni. Mzigoni alikuwa na vijiti kumi na viwili vya avoka, vilivyofungwa katika jani bichi la mgomba. Mti wenyewe ulibaki shambani, mahali ambapo hatukuthubutu kurudi.

Uani mwetu ilikuwepo miche iliyoota kutokana na kokwa. Avoka ya kokwa haifuati tunda la mama yake, tena huweza kukaa miaka mitano au zaidi bila kuzaa. Tukaamua kupandikiza, ingawa elimu yetu ilikuwa ya ubao na chaki.

Siku ya kwanza tulitumia vijiti vinane na kisu butu cha jikoni. Vitano vilikauka upesi. Vitatu vilibaki kijani, lakini siku ya nane tulishindwa kuvumilia: tukafungua ukanda wa plastiki ili tuone kama vimeshika. Kwa kutazama kwetu tukaviua.

Ndipo tulipomwendea mzee mkulima, jirani yetu. Alitufundisha kunoa kisu na kukisafisha, kukata kwa mkono mmoja usiosita, na kulinganisha ngozi ya kijani iliyo chini ya gamba, ya mche na ya kijiti, kwani hapo ndipo miti miwili huungana. Kisha kufunga kwa kukaza, kuweka kivulini, na kuacha. Kati ya vijiti vinne vilivyosalia, kimoja kilichipua.

Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 11, anasimulia tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa katika mzeituni mwema, naye mwenyewe anakiri kwamba ni kinyume cha asili. Mkulima hufanya vingine: shina la kawaida hupokea tawi bora. Shina hutoa mizizi. Tunda ni la tawi. Na vyote viwili hukatwa.

Tulikuwa tumejihesabu kuwa watoaji. Mdogo wetu tulimwuliza mara nyingi mno ataondoka lini. Huko nako kulikuwa kufungua ukanda kabla ya wakati.

Mwaka 2023 mti ulizaa matunda manne. Mdogo wetu alionja la kwanza, akanyamaza kitambo, kisha akasema: «Ni ule ule.» Hatujamwuliza tena.